Keki ya Kijani Niliyoiacha Kwenye Buti

Mwanangu, nakumbuka siku moja huko Houston ambayo mpaka leo, nikiwa na mvi hadi kwenye nyusi, ikinijia akilini masikio huniwaka moto. Wazee wengine wakikaa na vijana husimulia ushujaa wao. Mimi ushujaa sikujaliwa mwingi, ila ujinga nilipewa wa kutosha, na nimeona kwamba ujinga wangu una faida kwako kuliko ushujaa wa watu. Basi vuta kiti, nikusimulie.

Unanijua, mimi ni mzee wa hapa Lewisville, Texas, nimestaafu, na Jumamosi napika keki. Vijana wa kanisani hunicheka, wanasema Babu kaingia jikoni uzeeni. Wacheke tu. Keki ninayoipika ni ya pistachio, na haina siri yoyote. Unachukua pakiti ya unga wa keki na pakiti ya pudini ya pistachio, ile ya papo kwa papo isiyohitaji kupikwa, unazimwaga kwenye bakuli moja. Unatia mayai manne, mafuta, maziwa kidogo na mtindi mzito, unakoroga. Mchanganyiko unageuka kijani mbele ya macho yako, kijani kile cha kuta za zahanati zetu za zamani. Nusu unaimimina kwenye chombo chenye tundu katikati, unanyunyiza sukari na mdalasini, kisha unamalizia nusu iliyobaki, na ikiiva unaipaka sukari laini juu. Mtu yeyote mwenye oveni anaweza. Ndiyo maana niliidharau.

Aliyenionjesha keki hiyo mara ya kwanza ni mama mmoja wa Kihaya, mwenyeji wa Bukoba, tukimwita Mama Stella. Yeye na mumewe, Baba Stella, walinitangulia kufika Dallas kwa miaka kumi, wakikaa kwenye fleti za Vickery Meadow. Mimi nilitoka Singida nikiwa na miaka ishirini na mitano, nimekuja kusoma chuo hapo jirani, Richardson, na sikuwa na ndugu hata mmoja Amerika nzima. Mama Stella alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la mumewe mkononi, maana alijua kwamba sisi sote tunakuja na vikoti vya kuendea harusini. Nililala kwenye kochi lake miezi minne. Kunifulia hakunifulia, alisema nina mikono, lakini sikulala njaa hata siku moja.

Mwaka wangu wa pili, baba yangu alifariki. Karatasi zangu hazikuniruhusu kwenda na kurudi, kwa hiyo sikumzika. Mama Stella akatandika mkeka sebuleni kwake, akaita watu, tukakaa matanga siku tatu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, kila mmoja na sufuria yake. Siku mbili sikutia kitu kinywani. Siku ya tatu akaniwekea kipande cha ile keki ya kijani na chai ya rangi, akakaa pembeni yangu mpaka nikakimaliza. Jambo hilo lishike, mwanangu, kwa sababu mimi nililiachia.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi ofisini palepale Richardson. Shati, tai, kiti cha kuzunguka. Siku yangu ya kuzaliwa Mama Stella akaniletea keki kazini, kapanda basi, kabadilisha mara mbili, keki mapajani. Wenzangu wakaitazama ile rangi, mmoja akauliza kama ni sabuni. Hawakuwa watu wabaya, na keki waliila ikaisha. Lakini mimi nilichosikia ni kicheko tu. Jioni nikamwambia Mama Stella kwamba ofisini hawaruhusu vyakula vya kutoka nje. Ulikuwa uongo, na uongo ukishaupa kiti huomba na chai.

Wakati huo nilikuwa nimempata Joyce, huyu huyu mke wangu unayemwita Bibi, binti wa Kipare aliyekuwa akisomea uuguzi Houston. Alilelewa na shangazi yake, Shangazi Nakijwa, mwanamke aliyefanya kazi hospitalini miaka mingi, mwenye nyumba ya matofali na zulia jeupe. Watu walivua viatu kabla hata ya kuambiwa. Joyce akanieleza kwa simu desturi ya kwao. Barua ya posa haipokelewi peke yake. Lazima mama wa kijana alete chakula alichokipika kwa mkono wake, na shangazi wa binti ndiye anayeonja kwanza. Akionja, mazungumzo yanaanza. Asipoonja, wageni wanapewa maji, wanaagwa kwa heshima, wanarudi walikotoka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini kwa Shangazi hata mkono uliojaa ulikaguliwa kwanza.

Nikampigia mama yangu mzazi Singida, kwa zile kadi za simu za kukwangua. Akanisikiliza, akasema, "Mimi ndege siiwezi, mwanangu. Mkono wangu huko ni wa Mama Stella. Mwambie nimempa." Nikamfikishia maneno hayo Mama Stella, na yeye akayapokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Nilidhani atapika pilau, au ndizi za kwao. Akapika keki ya kijani. Nikamuuliza kwa adabu kama hatuwezi kubeba kitu kingine, akanijibu kwamba hicho ndicho chakula chake kilicho bora kuliko vyote. Nikaitikia. Lakini moyoni niliona zulia lile jeupe, nikaona na kijani cha zahanati juu yake, na pakiti, na kicheko cha ofisini. Siku ya pili yake nikaenda dukani nikanunua keki nyeupe ya ghorofa mbili yenye maua ya sukari. Nikaitoa kwenye boksi lake, nikaiweka kwenye sahani ya kioo. Nilijiambia kwamba desturi ni desturi, lakini huku ni Amerika, na hakuna atakayeuliza.

Tuliondoka asubuhi, Baba Stella akiendesha, naye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Mama Stella alitaka kuipakata keki yake njia nzima. Mimi nikamwambia jua la dirishani litaiyeyusha sukari ya juu, afadhali niiweke kwenye buti la gari, nilikokuwa nimekwisha kuificha ile ya dukani. Akanishukuru kwa kufikiria hivyo. Ndiyo, mwanangu, alinishukuru. Tulipofika Houston nikawaambia watangulie ndani, mizigo nitaleta mimi. Nikafungua buti. Keki zilikuwa mbili, moja inang'aa kwenye kioo, nyingine imefungwa kwenye kanga. Nikaichukua ya kioo, nikachukua na soda, nikafunga buti.

Ndani mambo yalianza vizuri. Baba Stella akasimama akasema tumeona ua katika bustani ya nyumba hii, na maneno mengine ya washenga, watu wakatabasamu. Keki ilikuwa mezani. Shangazi Nakijwa akaitazama mbele na nyuma, akaichungulia mpaka chini, kisha akamgeukia Mama Stella.

"Mama, hii umeipika wewe?"

Mama Stella aliitazama keki. Kisha akanitazama mimi mara moja tu, na nikajua kwamba ameelewa yote, kuanzia jua la dirishani. Angesema kweli, ningekuwa nimekwisha. Angesema ameipika yeye, angekuwa amesema uongo mbele ya barua ya posa, na hakuwa mtu wa uongo. Nikaangalia zulia.

"Hiyo ni nyongeza ya kijana," akasema. "Yangu iko garini. Haikuletwa ndani, na mwenye kazi ya kukileta chakula ni mimi. Kosa ni langu, mnisamehe."

Shangazi hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alisema kwamba kwao mama haingii mlangoni akakiacha nyuma chakula cha posa, na kwamba mwenye kukiacha nyuma chakula anaweza kumwacha nyuma na mtoto wa watu. Watu zaidi ya kumi walikuwa wamekaa pale. Mama Stella akainamisha kichwa, akajibu, "Mmesema kweli." Alikaripiwa vile mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kumwacha mtu nyuma, na mwenye kosa nimekaa kwenye kochi, nimevaa tai. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile. Kisha Mama Stella akaniambia kwa upole, kana kwamba hakuna lililotokea, "Baba, nenda kaniletee."

Nikatoka nje. Joto la Houston mwezi wa Juni unalijua. Nikafungua buti, na keki ilikuwa imebonyea upande mmoja, sukari imechuruzika ikagandamana na kanga. Nikasimama pale nimeishika, nikalia. Simwonei mtu haya kusema hivyo. Nilimkumbuka mama yangu Singida na mkono alioniazima, nikaona niliuacha mkono huo kwenye buti kama spana.

Nilipoingia nayo, Mama Stella akaipokea, akaifungua taratibu, akamkabidhi Shangazi kisu. Keki ikakatwa. Mabinti wawili waliokuwa wamesimama mlangoni mwa jikoni wakacheka rangi yake. Shangazi akauliza ni kitu gani hiki, na Mama Stella akaeleza.

Alisema mwaka wake wa kwanza Dallas alijifungua Stella, hana mama wala dada wa kumkorogea uji. Siku ya tatu bibi mmoja Mmarekani wa mlango wa pili akapiga hodi na keki ya kijani kwenye sahani. Hawakuwa na lugha ya kuelewana. Mama Stella akala, akalia, akalala. Sasa, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo alipopata nguvu akaijaza maandazi, akairudisha. Bibi yule naye akaona haya kukaa na deni la maandazi, akaileta tena na keki. Sahani ile ilitembea baina ya milango miwili miaka sita, mpaka bibi akafariki. Kabla ya hapo alikuwa amemwingiza Mama Stella jikoni kwake, akamwonyesha zile pakiti, na kumwambia kwamba naye alifundishwa na mama yake.

"Mtu akizaa, akifiwa, au akioa, napika hii," akamaliza. "Nilipokuwa sina mtu, hii ndiyo iliyonipigia hodi. Sina chakula kingine kikubwa kuliko hiki."

Shangazi akaonja. Akatafuna muda mrefu, akajikatia kipande kingine, akakila nacho. Kisha akafuta vidole, akasema Baba Stella aendelee na mazungumzo. Joyce alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kuanza kulia.

Tulirudi jioni ile ile. Tukapita Huntsville, mji wa njiani wenye misonobari mirefu. Baba Stella akasimama kuweka mafuta, tukabaki ndani ya gari wawili. Nikaanza kumwomba msamaha. Nikasema mama, ile keki, sikukusudia, ile keki. Akanikatiza.

"Keki haina uchungu, baba. Wewe hukuionea aibu keki. Ulinionea aibu mimi."

Akaongeza kwamba leo amenisitiri kwa sababu mama yangu alimpa mkono wake, lakini nisije nikafikiri kusitiriwa ni kuruhusiwa. Kisha akanipa adhabu: kila Jumamosi mpaka siku ya harusi, niwe jikoni kwake saa nne asubuhi.

Nilikwenda, wiki kumi na moja. Ya kwanza niliipika pudini motoni kwanza, ikawa gundi. Ya pili nikaikoroga kwa hasira mpaka keki ikawa ngumu kama ndala. Hapo nikajua kwamba hata chakula cha pakiti kina adabu yake. Lazima mayai yatoke kwenye friji mapema, mkono uwe mwepesi, na mlango wa oveni usiufungue kwa wasiwasi. Yeye aliongeza hiliki kidogo, ya kutwanga mwenyewe, akasema ile ndiyo Bukoba yake ndani ya Texas. Keki zangu, mbaya kwa nzuri, alinituma nizipeleke kwa watu wapya pale kwenye fleti, waliofika na mifuko yao ya plastiki wakiwa hawajui hata kuwasha jiko. Niligonga milango nikiwa na tai yangu ya kazini. Nikaona nyuso zao zikifunguka. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wangu ulipona kwa kutembezwa.

Joyce tukaoana, na miaka ikaenda. Sasa sikiliza hili la mwisho, maana ndilo lililonifanya nikuite.

Shangazi Nakijwa alipokuwa mgonjwa, ule ugonjwa wake wa mwisho, nilikwenda Houston kumwona, nikambebea keki ya kijani niliyoipika mwenyewe. Akala kijiko kimoja tu. Akaniambia nikae karibu.

"Siku ile ya posa nilikuwa dirishani," akasema. "Nilikuona umefungua buti. Nilikuona unachagua."

Akaendelea, polepole, kwa pumzi fupi fupi. Alisema alipoiona keki ya kioo inaingia alikuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba Joyce simpati. Aliuliza lile swali ili anivue nguo mbele ya watu. Mama Stella alipojitwika kosa, Shangazi akamkaripia makusudi, kwa maneno makali kuliko aliyoyataka, aone kama atachoka na kunitaja. Hakunitaja.

"Nikasema, kijana huyu bado si kitu, lakini yupo mtu anayemlea, na mtu huyo hachoki. Kwa hiyo elewa, mwanangu. Joyce sikukupa wewe. Nilimpa Mama Stella."

Mwanangu, nilikuwa na mke, watoto watatu, nyumba, jina kanisani. Siku ile nikajua kwamba vyote hivyo nilivipata kwa heshima ya mtu niliyemficha kwenye buti. Kesho yake nikaenda kwa Mama Stella, wakati huo akitembelea mkongojo, nikampa habari yote. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi kama Joyce ni wake, nimwambie aje amsuke nywele, maana mikono yake mwenyewe haifiki tena kisogoni. Joyce akaenda, akawa anakwenda kila Jumapili, mpaka siku tuliyomzika. Nashukuru nilimwambia asante akiwa ananisikia. Nashukuru kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nakuambia haya kwa sababu juzi, baada ya ibada, nilimsikia binti mmoja wa Kikongo akimwambia mama yake, "Mama, please, usilete sombe ku graduation yangu." Yule mama anafanya kazi ghalani usiku, na sombe ile, kisamvu cha kwao, ameitafuta kwa taabu. Akasema tu, "Ni sawa, mtoto wangu," akaanza kukunja kitenge chake. Binti si mbaya. Hata mimi sikuwa mbaya. Nilikuwa kijana anayetaka kupendwa na watu wasiomjua, nikamwumiza anayenijua.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika maisha yako, hasa huku ugenini, atakuwepo mtu mmoja au wawili watakaokushika mkono ukiwa huna mbele wala nyuma. Huenda Kiingereza chao ni cha kuungaunga, huenda nguo zao zinanukia vitunguu, huenda zawadi yao imetoka kwenye pakiti. Ukipata kiti cha kuzunguka, wageuzie kiti hicho wakae. Chakula chao kiweke katikati ya meza, si pembeni. Na ukiulizwa mbele ya watu hawa ni nani, usiangalie zulia. Sema, huyu ni mama yangu, huyu ni baba yangu, mimi ni mtu kwa sababu yao. Na ukikosea, maana utakosea, kaombe msamaha upesi, na msamaha huo uufanyie kazi kwa mikono. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mwenye kulelewa naye ana kazi yake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na meza yenye watu. Siku ya ujinga wako akupe mtu wa kukusitiri, akufumbue macho umjue mtu huyo angali hai, na ulimi wako asiuache mzito siku ya kumshukuru. Amina.